Viputo vya Hewa na Seli Zinazotengeneza Dawa

Mwanamke mwenye uzito wa kilo 60 anayetibiwa saratani ya matiti kwa trastuzumab, kila baada ya wiki tatu kwa muda wa mwaka mmoja, hupokea kwa jumla takriban gramu 6.6 za dawa hiyo: miligramu 480 siku ya kwanza, kisha miligramu 360 katika kila moja ya mizunguko 17 inayofuata. Kiasi chote hicho kingeenea katika vijiko viwili vya chai. Hata hivyo, hakuna kiwanda kinachoweza kuiunda dawa hii kwa kuchanganya kemikali, kama inavyoundwa parasetamoli. Kila molekuli yake imetengenezwa na seli hai ya mnyama, iliyokuwa ikielea katika tangi la chuma au mfuko mkubwa wa plastiki, ikila sukari, ikivuta oksijeni na kutoa kaboni dioksidi. Seli hiyo ikifa kabla ya wakati wake, dawa hupungua, uchafu huongezeka, na gharama ya kuisafisha hupanda.

Miongoni mwa mambo yanayoiua seli hiyo tangini, limo moja ambalo kwa miaka mingi halikutiliwa shaka ipasavyo, nalo ni kiputo cha hewa. Hewa ileile inayopulizwa ili seli ipumue ndiyo inayoipasua. Namna jambo hilo lilivyobainika, na kitu rahisi kilichotumika kulitatua, ni habari inayowahusu pia wauguzi, wafamasia na wagonjwa, kwa kuwa kanuni yake haikomei kiwandani. Inaifuata dawa hadi kwenye chupa iliyo mkononi mwa muuguzi.

Seli isiyo na ukuta

Insulini ya binadamu wanayotumia wagonjwa wa kisukari ilianza kuuzwa mwaka 1982, ikitengenezwa na bakteria. Baadaye hamira nayo ikatumiwa kwa kazi hiyo. Viumbe hivyo vina ukuta mgumu nje ya utando wao. Mtengenezaji aweza kuvikoroga kwa nguvu na kuvipulizia hewa kwa wingi, navyo vikavumilia. Kingamwili ni jambo jingine. Molekuli ya trastuzumab ina uzito wa takriban mara 25 ya ule wa insulini, na ili ifanye kazi vizuri katika mwili wa binadamu hupaswa kukunjwa kwa namna maalumu na kuvishwa minyororo ya sukari ambayo bakteria wa kawaida hawawezi kuiunda. Ndiyo sababu hutumiwa seli za mamalia.

Zilizo maarufu kuliko zote huitwa CHO. Asili yake ni ovari ya hamsta wa Kichina, mnyama mdogo wa jamii ya panya, na zilipatikana mwaka 1957 katika maabara ya Theodore Puck huko Colorado, Marekani. Dawa ya kwanza ya seli za mamalia zilizobadilishwa vinasaba kuidhinishwa ilikuwa alteplase, inayoyeyusha damu iliyoganda, mwaka 1987. Rituximab ikafuata mwaka 1997, na trastuzumab mwaka 1998. Shirika la Afya Duniani liliziingiza hizi mbili za mwisho katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likaithibitisha kwa mara ya kwanza trastuzumab inayofanana na ile ya awali, hatua iliyokusudiwa kuwafungulia njia wanawake wa nchi zenye kipato kidogo.

Seli nyingine zina asili iliyo karibu zaidi na Afrika Mashariki. Seli za Vero, zinazokuziwa virusi vya chanjo ya kichaa cha mbwa na ya chanjo ya polio ya sindano, zilitolewa mwaka 1962 katika figo ya tumbili wa Afrika na watafiti wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani. Jina lao lilifupishwa kutoka maneno ya Kiesperanto yenye maana ya figo ya kijani. Na kwa kweli madaktari wa mifugo ndio waliotangulia katika ufundi wa matangi makubwa: tangu miaka ya 1960 chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo imekuwa ikitengenezwa kwa seli za figo za hamsta zinazoelea katika vyombo vikubwa vya chuma. Chanjo ya ugonjwa huohuo hutengenezwa leo Embakasi, Nairobi, na taasisi ya serikali ya Kenya ya chanjo za mifugo.

Seli zote hizo zina udhaifu mmoja. Hazina ukuta. Kilichopo kati ya uhai wake na maji yaliyo nje ni utando wa mafuta na protini wenye unene wa nanomita chache. Seli ya CHO ina kipenyo cha takriban mikromita 15. Tano zikipangwa mstari mmoja hulingana na unene wa unywele.

Kiu ya oksijeni

Mhudumu wa afya aliyewahi kumwekea mgonjwa kipima-oksijeni kidoleni anajua thamani ya himoglobini. Lita moja ya damu yenye himoglobini ya kawaida hubeba takriban mililita 200 za oksijeni. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 37, iliyoshiba hewa, hubeba chini ya sehemu moja ya arobaini ya kiasi hicho: takriban miligramu 7 tu. Mchuzi ambamo seli hukuzwa hauna himoglobini. Kila mililita ya mchuzi huo ikiwa na seli milioni 10, kiwango ambacho viwanda vya leo hukifikia bila shida, oksijeni yote iliyoyeyuka humalizwa kwa dakika chache. Baada ya hapo ni kukosa hewa.

Katika chupa ndogo ya maabara jambo hili halina matata. Hewa hupenya kupitia uso wa mchuzi, na chupa ikitikiswa taratibu hutosha. Tatizo huja chombo kinapokua. Kina cha mchuzi huongezeka kuliko upana wa uso wake, na tangi la lita 10,000 likitegemea hewa ya juu peke yake, seli za chini hufa. Zimejaribiwa njia za kupitisha oksijeni ndani ya mirija ya silikoni ili ipenye taratibu bila kutoa kiputo hata kimoja. Njia hiyo hufanya kazi katika vyombo vya wastani, lakini tangi kubwa huhitaji mirija mirefu mno, ambayo ni shida kuisafisha na kuitakasa vijidudu. Kwa hiyo karibu kila mahali mhandisi hurudi kwenye jambo rahisi zaidi: bomba lenye matundu chini ya tangi, na viputo vinavyopanda.

Pangaboi lililosingiziwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viwanda vilipoanza kukuza seli za mamalia kwa wingi, seli zilikufa kwa idadi kubwa na kidole kilielekezwa kwa pangaboi linalokoroga mchuzi. Hoja ilionekana ya busara. Seli haina ukuta, pangaboi ni la chuma, basi chuma ndicho kinachoirarua. Kasi ikapunguzwa. Lakini mchuzi usiokorogwa vizuri haupokei oksijeni vizuri, na ili kufidia, hewa nyingi zaidi ilipulizwa. Vifo vikaongezeka, na pangaboi likazidi kulaumiwa.

Dalili zilikuwapo mapema. Mwaka 1968, Kilburn na Webb, waliokuwa wakikuza seli za panya, waliona kwamba kupuliza hewa moja kwa moja katika mchuzi kunadhuru seli, na kwamba kiasi kidogo sana cha kemikali iitwayo Pluronic F-68 huzilinda. Si wengi waliolizingatia jambo hilo kwa wakati ule. Sababu mojawapo huenda ilikuwa seramu. Mchuzi wa zamani ulitiwa seramu ya ndama aliye tumboni, na protini za seramu, pamoja na kulisha seli, huzikinga pia dhidi ya viputo. Kinga hiyo ilificha tatizo. Ugonjwa wa ubongo wa ng'ombe ulipotambuliwa Uingereza mwaka 1986, na hasa ulipohusishwa mwaka 1996 na ugonjwa unaofanana nao kwa binadamu, haja ya kuiondoa seramu ya wanyama katika utengenezaji wa dawa ikawa kubwa. Mchuzi usio na seramu ulikuwa salama zaidi kwa mgonjwa na hatari zaidi kwa seli.

Jaribio lililoondoa shaka kuhusu pangaboi lilichapishwa mwaka 1990 na Kunas na Papoutsakis wa Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston. Ustadi wake upo katika wepesi wake. Walikijaza chombo mchuzi hadi juu kabisa, pasibaki nafasi ya hewa, kisha wakakikoroga. Seli zilistahimili kasi ya kufikia mizunguko 600 kwa dakika. Pale palipoachwa nafasi ya hewa juu ya mchuzi, na pangaboi likaivuta hewa hiyo ndani kama kimbunga kidogo kivutavyo, seli zilidhurika kwa kasi iliyo ndogo zaidi. Chuma kilikuwa kilekile, na seli zilezile. Tofauti ilikuwa hewa.

Kiputo kinapofika juu

Swali lililobaki lilikuwa ni lini hasa kiputo huua: kinapozaliwa chini, kinapopanda, au kinapofika juu. Watafiti wa Wageningen, Uholanzi, na wa Surrey, Uingereza, walikuwa tayari wamelichunguza swali hilo kwa kubadilisha kimo cha safu ya mchuzi na ukubwa wa viputo. Jibu lililoonekana kwa macho lilitoka Chuo Kikuu cha Ohio State, ambako Jeffrey Chalmers na wenzake walipiga picha za video kupitia hadubini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakitumia seli za wadudu, ambazo hutumika pia kutengeneza baadhi ya chanjo.

Picha zilionyesha kwamba kiputo hakipandi peke yake. Uso wa kiputo huvutia vitu visivyopenda maji, na utando wa seli una sehemu za namna hiyo. Seli hujibandika, moja baada ya nyingine, mpaka kiputo kinafika juu kikiwa kimevaa koti la seli. Safari ya kupanda yenyewe huwa haina madhara makubwa. Juu, kiputo husimama kwa muda mfupi chini ya utando mwembamba wa maji, kama povu la sabuni kabla halijapotea. Kisha utando hutoboka. Ukingo wa tundu hurudi nyuma kwa kasi ya mita kadhaa kwa sekunde, ukizibeba seli zilizonaswa humo. Shimo lililoachwa na kiputo hujazwa kwa kishindo. Maji yanayokimbilia katikati kutoka pande zote hukutana na kurusha mchirizi mmoja juu na mwingine chini. Yote hayo humalizika kwa milisekunde chache. Nguvu inayotolewa katika eneo hilo dogo, kwa kila ujazo wa mchuzi, ni maelfu ya mara ya ile ya mkorogo wa kawaida wa pangaboi, na seli zilizojibandika kwenye kiputo zipo mahali hasa ambapo nguvu hiyo hutolewa.

Lipo jambo hapa linaloshangaza wengi: viputo vidogo, vya milimita moja au mbili, hupasuka kwa ukali zaidi kuliko vikubwa. Mtu angedhani kinyume chake.

Mwaka 1994 kikundi hichohicho cha Ohio kilihesabu hasara. Kiputo kimoja cha kipenyo cha milimita 3.5, kikipasuka katika mchuzi usio na kinga, kiliua kwa wastani seli 1,050 hivi. Idadi hiyo yaonekana ndogo mpaka ifanyiwe hesabu. Lita moja ya hewa hutoa viputo vya ukubwa huo takriban 44,500. Tangi la lita 10,000 likipulizwa lita 100 za hewa kwa dakika hupasukiwa na viputo zaidi ya milioni nne kila dakika, na hivyo kupoteza seli zaidi ya bilioni nne kwa dakika hiyo moja. Ikiwa kila mililita ina seli milioni moja, tangi zima lina seli trilioni 10. Kwa kasi hiyo, kama ingebaki vilevile, zote zingekwisha kwa siku moja na nusu hivi. Seli za mamalia huhitaji takriban siku nzima kujigawa mara mbili. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, kwa kuwa seli za wadudu si za hamsta na kasi ya vifo hushuka seli zinapopungua, lakini yatosha kuonyesha kwa nini mchuzi usio na kinga hauwezi kukua kufikia kiwango chenye faida.

Wanaofanya kazi katika maabara za hospitali watakitambua kipimo kinachotumika kufuatilia maafa haya. Ni LDH, kimeng'enya kilekile kinachopanda katika damu ya mgonjwa ambaye seli zake nyekundu zinapasuka. Seli hai huifungia LDH ndani; ikionekana kwa wingi kwenye mchuzi, utando umepasuka. Pamoja na LDH humwagika pia DNA, protini za hamsta zisizotakiwa katika dawa, na vimeng'enya vinavyoweza kuikatakata kingamwili iliyokwisha kutengenezwa. Mfanyakazi wa kiwanda anayeiona LDH ikipanda hana haja ya kuambiwa kwamba siku za kusafisha zitakuwa ngumu.

Gramu moja kwa lita

Kinga iliyoenea viwandani ni ileile Pluronic F-68, ambayo jina lake la kitaalamu ni poloksama 188. Ni mnyororo mrefu wenye sehemu tatu: ncha mbili zinazopenda maji, ambazo ni takriban asilimia 80 ya uzito wake, na kiungo cha katikati kisichopenda maji. Kwa maumbile hayo hukimbilia pale maji yanapokutana na hewa, yaani kwenye uso wa kila kiputo, na kujipanga hapo kabla seli hazijafika. Seli ikikutana na kiputo kilichokwisha kuvikwa poloksama haipati pa kushika. Kiputo hupanda kikiwa kitupu, hupasuka kikiwa kitupu, na seli hubaki chini. Kiasi kinachotumika kwa kawaida ni kama gramu moja kwa lita; tangi la lita 10,000 huhitaji kilo 10.

Je, hulinda kwa kukivika kiputo tu, au huuimarisha pia utando wa seli? Majaribio ya Birmingham mwaka 1992, ambapo seli moja moja zilibanwa kwa ala ndogo hadi zikapasuka, yalionyesha kwamba utando wa seli zilizowekwa katika poloksama huhimili mvutano mkubwa zaidi. Yamkini njia zote mbili zipo, lakini ile ya kuzuia seli zisijibandike kwenye viputo ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi, na ndiyo inayofafanua vizuri kwa nini kinga huonekana mara tu kemikali inapotiwa.

Kinga hii haikuondoa masumbufu yote. Povu hujikusanya juu ya tangi, na seli zinazonaswa ndani yake hukauka na kufa. Likifika kwenye vichujio vya hewa itokayo huvilowesha na kuviziba. Hapo hutiwa kiua-povu cha silikoni, cha jamii moja na simethikoni iliyo katika vidonge vya gesi tumboni. Kiua-povu huviunganisha viputo vidogo kuwa vikubwa, na viputo vikubwa hupeleka oksijeni kwa uzembe. Kikizidi huweza pia kuidhoofisha kinga ya poloksama. Viputo vidogo sana navyo vina kasoro yao. Hupeleka oksijeni vizuri lakini haviondoi kaboni dioksidi ya kutosha, na seli husumbuliwa na tindikali kama mgonjwa wa mapafu asiyeweza kutoa pumzi. Mhandisi mzuri hupima baina ya mambo hayo yote: huchanganya oksijeni halisi ili gesi inayopita iwe kidogo, huchagua matundu ya ukubwa wa wastani, na hukoroga kwa nguvu zaidi kuliko walivyothubutu watangulizi wake, kwa kuwa sasa anajua pangaboi si adui.

Lipo pia tatizo la mafungu. Poloksama hutengenezwa kwa tani na viwanda vya kemikali kwa matumizi mengi, kuanzia dawa za kusafishia vidonda hadi vipodozi. Imewahi kutokea zaidi ya mara moja kwamba fungu lililofaulu vipimo vyote vya kawaida vya kemikali likashindwa kulinda seli, na uzalishaji ukaanguka bila sababu kuonekana. Ndiyo maana watengenezaji makini hupima kila fungu kwa seli zenyewe: huzitikisa au kuzipulizia hewa katika chombo kidogo, na kuhesabu zilizosalia. Jambo hili lazifaa kukumbukwa nchi za Afrika zinazojiandaa kutengeneza dawa na chanjo zake. Kununua tangi ni sehemu iliyo rahisi. Mtu wa kulipima fungu la kemikali ya bei ndogo, na mamlaka ya kulikataa, ni vigumu zaidi kuvipata.

Matokeo yake kwa mgonjwa yaweza kukadiriwa. Katikati ya miaka ya 1980, lita moja ya mchuzi ilitoa kama miligramu 50 za protini. Miaka ishirini baadaye viwanda bora vilikuwa vikipata karibu gramu tano. Sifa ya ongezeko hilo ni ya wengi: wanaochagua seli zenye uzao, wanaotunga chakula chake, na wanaopanga namna ya kuilisha. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lingewezekana kama seli zingeendelea kupasuka kila kiputo kinapofika juu. Mwanamke aliyetajwa mwanzoni angehitaji lita 132 za mchuzi kwa viwango vya zamani. Sasa, kabla ya kutoa kinachopotea katika usafishaji, ni chini ya lita mbili.

Kemikali hiyohiyo na selimundu

Kwa kuwa poloksama 188 hulainisha miguso kati ya seli na vitu vingine, haikuwa ajabu kwamba watafiti waliijaribu kwa wagonjwa wa selimundu, wakitumaini kwamba ingezuia chembe nyekundu zisishikamane ndani ya mishipa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2001, lililowahusisha wagonjwa 255, lilionyesha nafuu kidogo katika muda wa maumivu makali. Jaribio kubwa zaidi lililofuata, likiwa na wagonjwa 388, lilitoa matokeo mwaka 2016: muda wa maumivu haukufupishwa. Poloksama si tiba ya selimundu, na mgonjwa atakayesikia ikitangazwa hivyo hana sababu ya kuinunua. Kilichofaa ndani ya tangi la chuma, ambamo adui ni hewa, hakikufaa ndani ya mshipa, ambamo hewa haipo.

Chupa iliyo mkononi

Dawa ikishatolewa katika seli na kusafishwa, poloksama huondolewa pamoja na uchafu mwingine. Lakini uso wa maji na hewa haukomi kuwa hatari. Kingamwili yenyewe, kama seli iliyoizaa, huvutwa na uso huo. Ikifika hapo huweza kukunjuka, na molekuli zilizokunjuka hushikana na kuwa vijibonge. Vijibonge hivyo havitibu, na vyaweza kuuchochea mwili wa mgonjwa kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa yake. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa trastuzumab ya mshipani hutia katika chupa polisobeti 20, kitu kinachofanya kazi kwa kanuni ileile ya poloksama: hufika kwanza kwenye uso wa hewa na kuikalia nafasi.

Kinga hiyo ina mipaka, na ndiyo maana karatasi ya maelezo ya trastuzumab ya unga husisitiza kwamba chupa isitikiswe. Muuguzi au mfamasia huelekeza maji taratibu kwenye unga, huizungusha chupa polepole kwa kiganja, kisha huiacha itulie kwa dakika tano hivi. Povu kidogo juu ya dawa ni jambo la kawaida na halimaanishi kwamba dawa imeharibika. Dakika hizo tano, katika wodi yenye foleni ndefu, huonekana kama anasa, na ndizo zinazorukwa mara nyingi. Baada ya hapo dawa huchanganywa katika mfuko wa chumvi ya asilimia 0.9, kamwe si glukosi, kwa kuwa katika glukosi protini hii hushikana. Mfuko nao hugeuzwa juu chini taratibu bila kusukwasukwa. Chupa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na isigandishwe.

Mgonjwa anayemwona muuguzi akiitazama chupa bila kufanya lolote hana sababu ya kumharakisha. Na muuguzi aliyekabidhiwa chupa iliyotikiswa safarini, ikiwa na povu jingi, dawa yenye ukungu au vipande vinavyoelea, anapaswa kuiweka kando na kumwita mfamasia kabla ya kuvuta hata mililita moja. Povu lina hasara nyingine iliyo wazi zaidi kuliko vijibonge visivyoonekana: dawa iliyonaswa ndani yake haiingii katika bomba la sindano, na kipimo kilichovutwa huwa pungufu ya kile kilichoandikwa na daktari.